Kichwa cha Kawira Katika Mashine Tatu

Jirani yangu Kawira hapandi lifti. Tunaishi ghorofa ya tano hapa mtaa wa Muaither, na akitoka kazini nesi huyu mzima hupanda ngazi akihema, maana akifungiwa mahali padogo anaona anakufa. Mimi humcheka sana.

Mwaka jana mwanangu Bradley, mwenye usonji, aliingizwa kwenye utafiti. Hospitali tatu zilikusanya pamoja picha za ubongo za watoto kama yeye na za watoto wasio na usonji. Siku moja mfanyakazi wao akaropoka mbele yangu ati watoto wetu wameonekana na gamba la ubongo, lile tabaka lake la nje, jembamba kuliko la wenzao. Kwa nini? Hajui! Sasa unamwambia mama ya nini? Nililia hadi macho yakavimba. Nilibeba mimba ya Bradley nikifanya shifti za usiku, nikasema basi ni mimi niliyemharibu.

Daktari Cherotich, msimamizi wa utafiti, alinituliza. Wengi wa watoto wenye usonji walipigwa picha kwa mashine mpya, wenzao kwa mashine kuukuu, na mashine hazioni sawasawa. Kwa hiyo walitafuta watu wazima wa kulala katika mashine zote tatu za hospitali hizo, kichwa kile kile, waone zinavyotofautiana.

Nilimsimulia Kawira nikisonga ugali, bila kumwomba kitu.

"Mama Bradley, niandikishe."

"Wewe? Lifti tu inakushinda, utaweza kulala ndani ya bomba jembamba la mashine?"

"Niandikishe, nimesema."

Siku za picha nilikaa miguuni pake nikimshika kidole gumba cha mguu. Walimpa kipira cha kubonyeza akizidiwa. Mara ya kwanza akaanza kuomba Mungu kwa sauti, kichwa kikatikisika, picha ikaharibika, ikabidi arudie. Aki huyu mtu! Alilowa jasho mashine zote tatu, lakini hakubonyeza.

Majibu yakatoka. Kawira na wenzake wote walionekana na gamba jembamba kwenye mashine mpya, nene kwenye ile kuukuu. Picha za watoto ziliposawazishwa kwa kuondoa tofauti hiyo ya mashine, ile tofauti kubwa kati ya watoto wetu na wenzao ikayeyuka. Daktari alisema bado hawajui usonji wa Bradley umetoka wapi, ila picha zile hazinishtaki kwa lolote.

Nilimkumbatia Kawira nikalia tena, safari hii kwa furaha. Yeye akanitania, "Kumbe nina ubongo mwembamba na hukuniambia!"

Nitamshukuru vipi mtu kama huyu? Kila Ijumaa nampikia chapati. Hivi sasa namsikia akihema kwenye ngazi. Lifti bado hapandi.