Taulo la Fundi Redio

Katika safu ile ya vibanda saba vya mafundi, mtu aliyepeleka redio akaambiwa arudi Alhamisi hakuondoka mikono mitupu. Fundi Redio alifuta vidole kwa tambara, akaigeukia rafu iliyokuwa nyuma yake, akamkabidhi filamu ya kusubiria.

Zote zilikuwa za kutisha. Kulikuwa na mazimwi, mizuka, wadudu wakubwa kuliko mabasi, na filamu za vioja ambazo hata aliyezitengeneza angeshindwa kukueleza alikusudia nini. Ndani ya kila jalada fundi alibandika kadi ndogo yenye maoni yake, kwa mwandiko uleule aliotumia kuandika "spika imeungua".

"Konokono anakula mji," ilisema mojawapo. "Anafika mjini baada ya saa moja na dakika kumi, kwa hiyo andaa chai. Lakini akifika, amefika."

Nyingine: "Jokofu linampenda fundi bomba. Mwanzo utacheka, katikati utalihurumia jokofu, mwisho utamchukia fundi bomba."

Nyingine: "Jalada lina damu nyingi. Damu yote imeishia hapo."

Na ile ambayo kinyozi wa kibanda cha pili aliikariri kwa kila aliyemkalia kitini: "Zimwi hili linaongea. Zimwi likishaanza kueleza shida zake, zima ukaoge."

Watu walimwamini. Wengine walileta redio nzima zisizo na kasoro ili wapate kadi. Naye aliifungua redio, akaipuliza vumbi, akaifunga, akasema irudiwe Alhamisi.

Jambo ambalo safu nzima haikulijua ni kwamba Fundi Redio hakuwahi kuona zimwi hata moja.

Alikuwa mwoga. Woga wake haukuwa wa kawaida. Hata picha ya popo kwenye kalenda aliigeuzia ukutani. Lakini hadithi za kutisha alizipenda kufa. Basi kila Jumapili saa tisa alasiri, mapazia yakiwa wazi na jua limejaa chumba kizima, alikaa kwenye kiti chake na taulo la bluu begani. Mkewe, aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali, alikaa kwenye kochi na sindano yake, akitazama kwa niaba ya wote wawili.

"Fumba," mkewe alisema, na taulo likapanda kichwani.

"Fumbua," alisema baadaye, na taulo likashuka, ikawa ni watu tu wanakula mezani.

Yeye mwenyewe hakuona kwamba anamdanganya mtu. Kwa miaka ishirini alikuwa akitambua ugonjwa wa redio kwa kuitegea sikio akiwa amefumba macho, akasema, "Waya wa kushoto," na ukawa wa kushoto. Zimwi nalo lilikuwa sauti kama sauti nyingine. Chini ya taulo alimsikia konokono akija kama godoro lililolowa linaloburutwa ngazini, akawasimulia wateja hivyohivyo, na hakuna jicho la mtu katika safu lililowahi kuona kitu cha kutisha kiasi hicho.

Shida ililetwa na filamu ya bomba.

Kadi yake ilisema: "Filamu tulivu. Nyumba, bomba linalovuja, mama anamwimbia mtoto. Hakuna kelele. Yafaa kwa wagonjwa na wakwe."

Fundi Viatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliisoma akafurahi. Mama mkwe wake alikuwa amewasili, presha imempanda, na daktari ameagiza apumzike. Akaichukua Ijumaa. Jumanne asubuhi alirudi mbio, kiatu kimoja cha mteja bado kiko mkononi, gundi inamdondoka.

"Jirani, nimekukosea nini mimi?"

"Kwani vipi?"

"Mama mkwe halali peke yake. Leo siku ya nne yuko kitandani kwetu."

"Na nyinyi mnalala wapi?"

"Hapohapo! Mke wangu ukutani, mama katikati, mimi ukingoni. Jana nimeanguka mara mbili. Ya pili wala hawakuniokota."

Fundi Redio aliweka bisibisi chini. "Lakini ile filamu ni tulivu."

"Tulivu? Na lile dubwana la bafuni?"

"Dubwana gani?" Neno lilikuwa limekwishamtoka. Akakohoa. "Yaani, lipi kati ya hayo?"

Fundi Viatu alimtazama kama anavyotazama soli iliyoanza kuachia. "Lipo moja tu, jirani."

"Ndilo hilo ninalolisema."

"Sasa sikiliza. Mama anatakiwa kuondoka kesho. Amesema hatoki mpaka aonane na mtu aliyeliona lile zimwi akaendelea kulala usingizi wake. Nimemwambia mtu huyo ni wewe. Uje leo saa tisa. Ukimtuliza, yamekwisha. Ukishindwa, safu nzima itajua kwamba kadi zako unazibahatisha tu, na mimi ndiye nitakayepita kibanda kwa kibanda."

Mchana huo fundi hakula. Alimkuta mkewe amezungukwa na mashuka.

"Mama watoto, ile filamu ya bomba. Mbona hukuniambia nifumbe?"

Mkewe alivua kastabini polepole. "Sauti haikutoka."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Shuka la wodi ya wazazi nililing'ata mpaka likatoboka, nikalitia kiraka."

"Mimi nikadhani imekuchosha. Nikajifunika taulo, nikalala kidogo."

"Na mimi nikadhani umeshafumba mwenyewe."

"Zimwi lenyewe halina sauti?"

"Hata kupumua halipumui, baba watoto."

Fundi alishika kichwa. Redio inayokoroma haikuwahi kumsumbua. Iliyo kimya kabisa ndiyo aliyokuwa akiiogopa, na hilo aliwaambia wateja kila siku. Akasahau kujiambia mwenyewe.

Saa tisa kamili alikuwa sebuleni kwa Fundi Viatu, bila taulo. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani minene, mwalimu mstaafu. Alikalia kiti kilichoupa mgongo ukuta, mbali na mlango wa bafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika yafaa kwa wakwe?"

"Ni mimi, mama."

"Una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Umemwonyesha?"

"Bado, mama."

"Ungeanza na wako." Akamnyooshea kiti. "Nieleze. Lina macho mangapi?"

Fundi alipima. "Mawili, mama."

"Halina."

Fundi Viatu, aliyesimama mlangoni, aliachama. Fundi Redio akasema haraka kwamba ni siku nyingi zimepita, mambo mengi, redio nyingi. Mama mkwe hakubishana. Alimwambia mkwewe awashe filamu, wote waitazame pamoja, kumbukumbu irudi.

Fundi alipiga moyo konde. Alikaa wima, uso umeielekea televisheni, na macho akayafumba kwa ustadi, akiacha kope zichezecheze kama za mtu anayetazama. Bomba lilidondoka. Mama wa kwenye filamu aliimba. Kisha kikaja kimya.

"Mwanangu," ikasema sauti ya mama mkwe karibu na sikio lake, "nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Mtoto anayejifanya yuko macho namjua, na anayejifanya amelala namjua. Fumbua."

"Siwezi, mama."

"Kwa nini huwezi?"

"Naogopa."

"Hili tu?"

"Yote, mama. Tangu la kwanza." Na maneno yakamtoka kama maji: taulo, Jumapili, fumba na fumbua, konokono. Hakusaza kitu.

Halafu mama mkwe akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka mapajani. Binti yake akaja mbio kutoka jikoni akidhani presha imepanda.

"Siku nne!" alisema, akijifuta machozi. "Siku nne najiona mzee mpumbavu, kumbe mwenye mazimwi yake anavaa taulo! Nipe mkono, mwanangu. Tutafumbua pamoja. Moja, mbili, tatu."

Akafumbua. Katika beseni la kuogea alisimama mtu mrefu aliyevishwa mpira mweusi unaong'aa maji. Fundi aliganda. Kisha jicho lake la kazi likamsaidia.

"Mama, angalia mgongoni. Lina zipu."

"Wapi?"

"Pale. Na ule waya wa kipaza sauti, umeuona, unaingia ndani ya maji? Huyo aliyevaa mpira ndiye atakayekufa, tena kwa umeme, na si kwa zimwi."

"Na kiatu je!" akadakia Fundi Viatu, amesahau hasira, kapiga magoti mbele ya televisheni. "Zimwi limevaa buti! Tena kisigino kimelika upande!"

Mama mkwe aliondoka kesho yake asubuhi na mapema, baada ya kuoga.

Siri haikudumu mpaka jioni. Hakuna aliyekasirika; walivunjika mbavu tu, na kinyozi alianza kuwafunika wateja taulo la bluu kwa makusudi. Lakini fundi aliona haya. Akaapa kwamba tangu siku hiyo atatazama kwa macho yake mwenyewe, kama mtu mzima.

Akatazama, Jumapili tano mfululizo, mkono wa mkewe mkononi. Kadi zikabadilika. "Mpira hafifu. Zipu inaonekana dakika ya arobaini." "Buibui ana miguu saba, mmoja umeegemezwa." "Damu ni rangi ya mlango."

Wiki ya sita kinyozi alirudisha filamu mbili kwa mpigo, akazitupa mezani.

"Fundi, nani alikuuliza habari za zipu? Nimewasomea wateja, mmoja kasinzia nikamkata sikio. Konokono wangu yuko wapi? Godoro langu liko wapi?"

"Hayo hayakuwepo, kaka. Niliyasikia tu."

"Basi rudi ukasikie!"

Nyumbani Jumapili hiyo taulo lilikuwa limekwisha fuliwa na kukunjwa juu ya kiti chake. Mkewe alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Fundi aliketi akalitandaza begani.

"Kuna sharti moja," alisema. "Sauti ikikukwama, nibane. Nitajua."

"Nikubane kweli?"

"Kweli. Nisije nikaua mama mkwe wa mtu."

Filamu ya Jumapili hiyo ilihusu ukungu unaoingia kwenye nyumba za watu kupitia tundu za funguo, bila sauti yoyote. Mke alimbana mara nne, ya nne kwa kucha. Jumatatu kadi ikatoka: "Ukungu. Unasikika kama mtu anayefikiria kukuamsha. Mibano minne."

Tangu hapo kila kadi ina mibano yake. Na mteja asiyeamini, akiuliza kama kweli filamu hii ina minne, Fundi Redio huweka bisibisi chini, hukunja mkono wa shati, na kumwonyesha.