Gari Lililopiga Magoti Likakataa Kuinuka

Mathe mmoja wa Milimani, hapa Nakuru, mwalimu mstaafu, aliniletea gari lake Jumatatu likiwa limepakiwa juu ya lori. Gari hilo halina springi. Linakalia mifuko minne ya mpira yenye hewa, na pampu ndogo ya umeme ndiyo huijaza. Ukibonyeza swichi, hewa hutoka na gari hushuka. Ukibonyeza tena, pampu huvuma na gari huinuka. Sasa lilikuwa limeshuka na halitaki kuinuka.

Nilijua kwa nini analipenda. Mumewe alipata kiharusi na mguu wa kulia haumtii. Teksi ndogo humkunja, hata hushindwa kutoka bila kuvutwa. Gari hili likishuka hadi kimo chake, hukalia kiti, huinua mguu kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna anayemgusa. Ijumaa alikuwa na kliniki.

"Nipe mpaka Alhamisi," nikamwambia.

"Na ukishindwa?"

Fundi wa springi tunayegawana naye yadi akanijibia. "Akishindwa, mimi natoa hiyo mabaluni yote naweka springi. Haitawahi kulala tena, mathe."

"Na mzee atapanda na ngazi?"

"Si tutambeba."

"Wewe jaribu kumbeba," mathe akasema, "halafu uniambie umeamkia wapi."

Nakiri kwamba, ingawa ni fundi wa umeme wa magari, sijawahi kukaa kwenye darasa lolote la umeme. Nilijifunza nyumbani Kabazi, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Labda ndiyo maana naogopa kukosea kuliko waliosoma. Kila kipimo nakiandika mara mbili, na gari halitoki kwangu kabla sijafuta alama za vidole vyangu.

Jumatatu nilipaka mabomba maji ya sabuni nione kama hewa inavuja, hakuna povu. Jumanne nilipima fyuzi na nyaya. Yadini kwetu kuna kanuni moja: weka mita kwenye mlio, ikilia, waya ni mzima. Ililia kila mahali. Hata hivyo pampu ilinguruma kama mtu anayeongea na ugali mdomoni, ikazima, na taa ya onyo ikawaka.

Jumatano nilianza kupima upya toka mwanzo. Fundi wa springi akaja na chai yake.

"Boss, bado unapima? Hata daktari hufika mahali anasema tuombe."

"Bado."

"Si upige direct basi, ujue kama pampu imekufa?"

Kupiga direct ni kuvuta waya kutoka kwa betri moja kwa moja. Naichukia kazi hiyo. Imeunguza magari mengi mjini. Lakini sikuwa na lingine. Niliweka fyuzi kwenye waya wangu, nikapiga direct. Pampu ikanguruma vilevile.

"Imekufa," akasema. "Niende nilete springi?"

Nusura nikubali. Kisha nikajiuliza: kama umeme unaingia wote, je, unatoka wote? Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya mweusi wa pampu, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, huku pampu ikinguruma. Mita ilipaswa kusoma karibu sufuri. Ikasoma volti tatu: umeme ulikuwa unakwama njiani ukirudi. Nikaandika. Nikapima tena, nikaandika.

Kumbe mlio ulinidanganya siku mbili. Mita inapolia hupitisha umeme kiduchu tu. Njia ya ng'ombe humpitisha mtu vizuri. Lete lori ndipo utajua.

Niliufuata waya mweusi hadi nyuma ya gurudumu la mbele, kwenye boliti inayoushikilia kwenye bodi. Boliti ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, laini, kingo zimenyooka kama za rula. Nikajua mkono huo. Hakuna mwingine Nakuru anayepaka rangi boliti ambayo hakuna atakayeiona. Mwaka jana mathe aliniletea gari hilihili nitengeneze taa ya kona. Nilipoona kutu hapo, bila kuambiwa, niliifungua, nikasugua, nikapaka rangi kila kitu, hata chini ya kichwa cha waya, mahali ambapo chuma kinapaswa kugusana na chuma; rangi haipitishi umeme, na mguso mdogo uliobaki ulikuwa umelegea.

Niliikwangua hadi ikang'aa, nikaikaza. Gari likainuka.

"Ilikuwa nini?" fundi wa springi akauliza.

"Waya," nikasema. Nilipenda jibu hilo. Halikuwa uongo.

Alhamisi nililipeleka Milimani. Njiani nilifanya mazoezi ya kusema "kompyuta ya gari ilichanganyikiwa kidogo". Mathe alifungua geti. Mzee alikuwa barazani na mkongojo wake, kofia tayari kichwani.

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa mimi, mathe." Nikamweleza yote, hata ile rangi.

Mathe akainama kutazama gurudumu la mbele. "Kwa hivyo siku tatu umekuwa ukijifuata mwenyewe?"

"Ndiyo."

Mzee hakucheka. Alikuja polepole, akasimama kando ya mlango. "Shusha."

Nikabonyeza. Gari likapiga magoti. Akakaa, akaushika mguu wake, akauinua. Ulikwama kizingitini. Nilificha mikono mgongoni. Akauinua tena, ukaingia.

"Hiyo boliti," akasema, "umeipaka nini sasa?"

"Grisi, mzee. Juu tu, baada ya kukaza."

"Umepima?"

"Mara mbili."

"Haya. Inua."