Fundi Asiyesema Namba

Fundi wa nguo hasemi namba. Humzungushia mteja tepu, akaibana kwa ukucha mrefu wa kidole gumba, kisha akamtangazia mkewe aliye kwenye cherehani ya pili: "Kiuno, mtungi wa maji! Mabega, kabati la milango miwili!" Mkewe hucheka kwa pua na kuandika, maana mtungi ni inchi arobaini na kabati ni kumi na tisa, na hajakosea hata siku moja. Wateja nao humrudishia: "Na shingo yako je, kuku aliyenyonyolewa?"

Leo amekuja mama mmoja, mteja wa siku nyingi, ametoka hospitali juzi baada ya miezi mitatu. Binti yake amemshika mkono. Gauni linamning'inia. Fundi akazungusha tepu, akaguna. "Kiuno, mpini wa mwavuli!" Mama akaanza kucheka, lakini binti akapandisha sauti. "Fundi, mama yangu si kichekesho! Soma namba kama mafundi wenzako." Fundi akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu." Akatafuta miwani, akaisogelea tepu, akasoma taratibu:

"Ishirini na mbili."

Kicheko cha mama kikakatika. Akajishika kiuno kwa mikono miwili, kama mtu anayepapasa kitu cha mwenzake gizani.

"Ishirini na mbili?"

"Mama..."

"Wewe hebu ninyamazie." Akainua tena mikono, akafumba macho. "Fundi, baba, nipime upya. Useme kama unavyosemaga."