Maji ya Ijumaa yalivyolaza sindano ya voltmeter mbele ya mkaguzi

Wakuu, salamu kutoka Manga. Nimestaafu zamani na sina bosi wa kumwogopa, kwa hivyo leo naanika aibu yangu yote bila kuongeza chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu mpya wa kemia kwenye shule moja ya Wasabato huku kilimani. Jumatatu moja mkaguzi akaja kuniona nikifundisha. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, narudi kwa mama kuchuma majani chai.



Practical yenyewe: zinki na kipande cha makaa ndani ya maji ya chumvi, waya, na voltmeter ya kupimia volti. Zinki inatoa elektroni, halafu oksijeni iliyoyeyuka majini inazipokea pale kwenye makaa. Nilipojaribu wiki iliyotangulia, sindano ilipanda vizuri sana.

Siku hiyo sasa? Ilipanda kidogo, ikaanza kushuka. Nikakwangua zinki, nikabadilisha waya, wapi! Mkaguzi akaandika kitu kwenye faili.

Nikamgeukia Mama Kerubo, mfanyakazi wa maabara aliyetuletea maji. Nikamfokea mbele ya wote: "Umetia nini kwenye haya maji?"

Mama wa umri wa kunizaa, wakuu.

Akajibu polepole: "Sijatia kitu, mwalimu. Ni yale ya Ijumaa. Mto ulichafuka na mvua, nikachemsha kabla Sabato iingie, nikajaza chupa mpaka mdomoni, nikaziba. Kama yamepoteza ladha, yamimine-mimine kwanza. Nyumbani tunafanya hivyo."

Aii! Kuchemsha kulifukuza oksijeni, na chupa iliyojaa na kuzibwa haikuacha hewa irudi. Oksijeni ikipungua majini, volti za elektrodi yake, yaani yale makaa, nazo zinashuka. Kitu nilichokuwa nimeandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe!

Nikachukua majagi mawili, nikamimina kutoka juu, huku na huku, kama mtu anayepoza uji. Kwa haraka hiyo, mengine nikayamwagia viatu vya mkaguzi. Nikarudisha zinki na makaa.

Sindano ikapanda. Ikatulia huko juu. Darasa likapiga makofi.

Mkaguzi akauliza, "Ulipanga hivi, mwalimu?"

Nikasema ndiyo.

Mama Kerubo alikuwa mlangoni, akasikia. Akakusanya chupa zake akaenda. Mimi nikathibitishwa kazini, na wiki nzima nikamkwepa, sikumwomba msamaha. Nilikuwa na kiburi cha kijinga kabisa.

Ijumaa nikaingia maabara. Chupa zake zimepangwa, zimezibwa kama kawaida. Pembeni kuna jagi moja wazi, limejaa nusu ili maji yapate hewa, na kikaratasi: "Ya mwalimu."

Nilisimama pale nikalia. Kisha nikamfuata hadi jikoni, nikamwomba msamaha mbele ya wapishi, na Jumatatu nikawaambia wanafunzi ukweli.

Mkaguzi sikumwambia kamwe. Hilo bado linaniuma.

Funzo nililopata: sifa ya mtu mpe hapo hapo, watu wote wakisikia. Nyinyi je, mmewahi kula sifa ya mwenzenu? Semeni hapa chini, mimi nimeshaanza.