Wavu Mbichi wa Sikuda

Ukitaka kumjua Proscovia, yule ambaye kijiji kizima cha Sikuda humwita Mama Arnold, mtajie jina la Osborn, mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa samaki. Atasonya kwanza, msonyo mrefu, ndipo akujibu. Na ana haki yake!

Bwawa lake la samaki alilichimba mwenyewe kwa jembe, baada ya mumewe kuhamia kwa mke mwingine huko Tororo. Ngege wake walikuwa wanene, wanang'aa, na akina mama wachuuzi wa Busia ya Kenya walikuwa wakivuka mpaka kumfuata. Bwawa lile ndilo lililomlisha, na ndilo lililowafunga mdomo waliokuwa wakimwita mwanamke aliyeachwa.

Sasa, wafugaji wa samaki wa pale wana wavu mmoja wa chama. Pakiwa na msiba, au wageni wa posa, wavu hutembea bwawa hadi bwawa, kila mwanachama atoe samaki wa kulisha watu. Haupumziki, haukauki. Ukiukataa msibani umemkataa marehemu, basi.

Alipofariki Mzee Ochwo, jirani aliyepakana na Proscovia, wavu ulianzia kwa Osborn. Proscovia alikuwa jikoni msibani, kisu mkononi, anapara samaki wa mwenyekiti, mara akaona kitu kinamtambaa kidoleni. Kidogo, bapa, kama mbegu ya nyanya, ila kina miguu. Akamgeuza samaki: mapezi yamechanika, ubavu una vidonda vyekundu, na wadudu wamejibandika kwenye ngozi wananyonya damu. Chawa wa samaki! Na Osborn alikuwa akiwaona samaki wake wakijisugua kwenye miti ya bwawa siku zote hizo, akanyamaza.

Kisu akakitupa, akakimbia kwake. Akawakuta wanaume wameshakunja suruali ukingoni, wavu unachuruzika maji ya kwa Osborn.

"Msiingize hiyo wavu! Iko na chawa. Muanike kwanza kwa jua ikauke kabisa, chawa wafe. Samaki ya Mzee nitavua mwenyewe na ndoana."

"Chawa?" Osborn akacheka mpaka akashika tumbo. "Kwani samaki ana nywele? Basi tumpeleke saluni! Mama Arnold, sisi tunakusaidia. Maiti haisubiri ndoana."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia asimwaibishe marehemu, na hapo ndipo walipomweza, maana Mzee Ochwo alimpenda kama binti yake. Nani anataka kusemwa kwenye matanga ya mtu kama yule? Akasogea kando, machozi yanamtoka. Wavu ukazama.

Jamani! Mtu anakuona unalia, na bado anaingiza mguu.

Haukupita muda, ngege wakaanza kuruka juu ya maji kama wanaochapwa. Wakajisugua, wakakataa chakula, kisha wakaelea. Proscovia aliwazoa kwa beseni, akawafukia shimoni na chokaa, akiukanyaga udongo kwa hasira. Akina mama wa Kenya wakaacha kuja. Osborn alikuja kumpa pole, akakaa, akanywa chai yake yote, akasema hayo ni mapenzi ya Mungu.

"Usimsingizie Mungu," Proscovia akamwambia. "Mungu hakuvua na wavu mbichi."

Osborn akaweka kikombe chini. Akainuka, akasema anawahi, kesho wakwe wanakuja kumposa binti yake Carol. Kwake samaki hawatoshi, kwa hiyo wakimaliza kuvua kwake asubuhi, wavu utaenda kwa Apio. Akasema hivyo bila haya, kikombe cha mwenyewe bado kina joto.

Apio ni mke kijana, ndiyo kwanza ameanza kufuga, na alikuwa anamwogopa mwenyekiti. Kesho yake Proscovia alifika kwake mapema, akamweleza yote. Wanaume walipotokea na wavu unaochuruzika, Proscovia akaingia majini na gauni lake, akasimama katikati ya bwawa.

"Haya, nivueni mimi kwanza!" akasema. "Si nyinyi ni watu wa kusaidia?"

"Toka humo! Unaniaibisha siku ya wakwe zangu," Osborn akafoka. "Huo ni wivu tu, kwa sababu wako wamekufa. Apio, mwambie huyu mama atoke bwawani kwako."

Wote wakamgeukia Apio. Akamtazama mwenyekiti, akautazama wavu. Akavua kandambili, akajifunga leso vizuri, akateremka majini mpaka ubavuni mwa Mama Arnold.

"Na wakwe zangu watakula nini?" Osborn akauliza, sauti imepungua.

"Kuku," Apio akasema. "Chinja wa kwako."