Bega la Kushoto

Kama ningesimuliwa na mtu mwingine, ningesema huyo anatafuta wa kumsikiliza. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kisian kando ya ziwa, mchana, na sikuwa nimeonja pombe.

Mimi huchonga watu kwa mawe ya Kisii. Siweki macho wala mdomo: tufe ndilo kichwa, gogo fupi ndilo shingo, mraba ndio kifua. Wateja wa Nairobi wanapenda hivyo. Siku hiyo nilikuwa na sanamu ya mwanamke aliyeketi; sikumwiga mtu. Niliitoa kichwani mwangu, na ilikuwa imeshaagizwa.

Nilikuwa nimekaa mlangoni nikinoa patasi. Karakana yangu ina mlango huo mmoja tu. Nikahisi mtu nyuma yangu, ndani. Msichana alikuwa amesimama kando ya sanamu, nguo zimemganda mwilini kwa maji. Na nje jua linachoma. Alipitia wapi?

"Fundi, bega la kushoto lishushe," akasema. "Langu liko chini."

Nilitaka kumuuliza ni nani. Patasi ikaniponyoka. Niliinama kuiokota, kuinua macho, hakuna mtu. Sakafu ilijaa vumbi jeupe la mawe, na nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Niamini, jioni hiyo hiyo nililishusha lile bega, kwa hofu kwamba angerudi.

Siku ya tatu akapita mama mmoja wa Obunga, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kuiona sanamu tu, akatua beseni, akakaa chini, akalishika bega.

"Nyathina," akasema taratibu. Mwanangu.

Akanieleza kwamba binti yake alivunjika bega utotoni, likapona vibaya. Mwaka uliopita alizama ziwani, mwili haukupatikana. Walizika tunda refu la mti wa yago badala ya mwili, kama desturi inavyotaka, lakini yeye mama hajalala vizuri tangu siku hiyo. Akauliza nani alinionyesha mtoto wake. Nilimwambia ukweli. Hakushangaa. Aliomba tu sanamu, ampeleke mwanawe nyumbani.

Mteja nilimwambia jiwe limepasuka. Msichana wa jiwe tulimzika kwao asubuhi, mimi nikishika upande wa kichwa.

Siku hizi nikimaliza sanamu nakaa nayo wiki mbili kabla ya kuiuza. Nangoja. Wafu wengine wawili wameshakuja.

Kwa hivyo wewe uliye na mtu wa jiwe asiye na uso sebuleni, usimwite pambo. Siku akikwambia umbo lake limekosewa, usibishane naye. Watafute watu wake.