Albamu Tatu za Abdulwahab Matano

Abdulwahab Matano wa Msambweni ana miaka hamsini na sita, huswali swala zake tano, na sijamwona mtu huku pwani ya kusini anayezijua nyimbo za Krismasi za gitaa la jazi kumshinda. Mwenyewe hasemi hivyo. Husema anazijua albamu tatu.

Alizipata mwaka 2006. Alikuwa akipiga gitaa katika bendi ya harusi, na hoteli moja ya Diani ikamwajiri apige peke yake kwenye ukumbi wa mapokezi, wageni wakinywa chai ya jioni. Novemba ilipoingia, meneja wa wakati ule alimkabidhi CD tatu zilizosahauliwa chumbani na mgeni, akamwambia ajifunze kabla ya Desemba kumi. Majalada yalikuwa yamepotea. Hakujua wapigaji ni nani wala nyimbo zinaitwaje, kwa hivyo akazipa nambari. Wimbo wa nne wa albamu ya kwanza aliuita Moja-Nne, na jina likakaa. Mgeni akiomba wimbo, Abdulwahab humwomba auimbe kidogo mdomo ukiwa umefungwa, kisha huitikia kwa kichwa na kusema, “Ahaa, Mbili-Saba,” na kuupiga.

Zote tatu hazina mwimbaji. Anayoipenda zaidi ni ya kwanza, ya mtu mmoja na gitaa lake, iliyorekodiwa karibu sana hata kiti chake husikika kikilia. Ya pili ina besi na ngoma zinazopapaswa kwa vifagio vidogo, hiyo huiheshimu. Ya tatu ina fidla nyingi mno. Husema gitaa humo ni kama bwana harusi aliyekosa pa kukaa. Mkewe, Mwanaima, ambaye huzisikia kila mwaka tangu Oktoba mumewe anapoanza mazoezi, anaiona ya tatu ndiyo nzuri. Jambo hilo hawalizungumzi tena.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa kazini siku ya Krismasi. Mwaka wa kumi na tisa, 2024, meneja mpya kutoka Nairobi alimwita ofisini, akamweleza kwa adabu kwamba wageni wa siku hizi wanataka nyimbo zenye maneno, na kwamba hoteli imenunua spika. Zilikuwa sita, nyeupe, zimefungwa kwenye nguzo. Abdulwahab akapewa likizo mpaka atakapoitwa. Alishukuru, akaenda jikoni kuaga.

Jikoni alimkuta Kahaso, mwoka mikate, mwanamke wa Kinango mwenye miaka kama thelathini na tano. Kahaso alimsikiliza, akafunika unga wake, akamwambia kwamba mpiga kinanda wa kanisa lao kule kwao amehamia Voi na kinanda chake.

“Baba Yusra,” alisema, “kama uko huru, njoo utupigie siku ya Krismasi.”

Alimjibu kwamba atafikiri. Jioni hiyo alimwendea jirani yake, Sharif, anayefundisha madrasa, akamweleza shauri lote. Sharif alimuuliza kama atasali nao. Abdulwahab alisema la, atapiga gitaa tu.

“Nia yako waijua wewe,” alisema Sharif. “Huko Kinango kuna asali nzuri.”

Siku ya Krismasi aliondoka baada ya swala ya alfajiri, gitaa kavu, lisilohitaji umeme, likiwa limezungushiwa kanga ya Mwanaima kwa ajili ya vumbi. Kahaso alimpokea barabarani, wakafika kanisani saa tatu. Lilikuwa jengo la mawe lenye mabati, na watu walikwisha kujaa. Walimpa kiti mbele, karibu na kwaya. Mchungaji akamtambulisha kuwa ni fundi kutoka Diani, akamwomba afungue ibada kwa wimbo.

Alichagua Moja-Nne, aupendao kuliko zote. Aliupiga kama mtu wa kwenye CD anavyoupiga: polepole, sauti moja ikiteleza na kuingia katika nyingine, na hapa na pale akinyamaza kabisa kwa hesabu ya moja mpaka nne. Ulichukua dakika tano. Alipomaliza aliinua uso. Watu wote walikuwa wakimtazama kwa subira. Mzee wa kanisa, Mzee Tembo, alisimama, akavua kofia.

“Ndugu mgeni, usiwe na haraka,” alisema. “Ukishamaliza kukaza nyuzi utuambie, tuanze.”

Hakuna aliyecheka. Kahaso alitoka kwenye kwaya, akamwambia mzee kwa sauti ya chini kwamba ule ndio ulikuwa wimbo wenyewe. Mzee Tembo alifikiri, akaketi. Kisha Kahaso akainama karibu na Abdulwahab, akamwambia kwamba wimbo huo wanaujua tangu utotoni, kwa Kiswahili, una beti nne.

“Upige vilevile,” alisema. “Sisi tutaingia.”

Abdulwahab hakuona njia ya kukataa. Akaanza upya, na mstari wa pili watu mia mbili wakaingia. Mwanzoni mambo yalikwenda kombo. Wao walivuta sauti ilhali yeye ameshageukia noti nyingine, naye aligeuka ilhali wao bado wanavuta. Katika ubeti wa pili aliacha kuifuata CD kichwani, akawasikiliza. Hapo ndipo alipogundua kwamba pale mpigaji anaponyamaza kwa hesabu ya nne, watu walikuwa wakivuta pumzi. Miaka yote hiyo alidhani ni madoido. Kwenye mapokezi hakuna aliyewahi kuimba. Watu wa pale husubiri funguo.

Waliimba beti zote nne, kisha wakarudia ubeti wa kwanza. Walimpigisha nyimbo nyingine sita, na tatu kati yake alizijua kwa nambari. Baadaye alikula kwa kina Kahaso wali na kuku, ambaye Kahaso alikuwa amempeleka mapema kwa jirani Mwislamu akachinjwe. Mzee Tembo alikuja kumsalimu, akamwambia kwamba ile namna yake ya kupiga si mbaya, mtu akishazoea.

Jioni alimsimulia Mwanaima, naye akauliza kama walipenda. Abdulwahab alisema hajui, lakini waliimba. Alikaa muda mrefu na gitaa mapajani bila kulipiga. Kisha akamwambia kwamba yule mtu wa albamu ya kwanza lazima alikuwa na watu chumbani aliporekodi.

“Au alikuwa akiwakumbuka,” Mwanaima alisema.

Februari spika nne kati ya sita zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari, na meneja akamwita arudi mapokezini. Abdulwahab alikubali, kwa sharti kwamba Desemba ishirini na tano isiwe siku yake ya kazi. Meneja alimtazama, akatazama faili lake, akamuuliza Mwislamu anataka likizo ya Krismasi ya nini.

“Nina kazi Kinango,” alisema Abdulwahab.

Meneja akaandika.